Hewa ya Karuba

Jumatatu, 4 Mei

Nimebadilisha oili na filta, nimekaza nati zote. Pikapu ya kaka Kasereka bado haipandi. Kilima cha hapa Karuba tu, tena bila mzigo, inakoroma kama mzee aliyeshiba. Turbo inayosukumia injini hewa ni nzima, inazunguka vizuri.

Jumamosi nangojwa Walikale na mbuzi sita. Mahari ya Furaha, mchumba wangu. Mara ya kwanza vita vilifunga njia. Sasa njia iko wazi, na wajomba zake wametuma neno: mkwe anayekosa mara mbili atafute kwingine. Wajomba hao wananikera.

Jumanne, 5 Mei

Nimemkamata mchawi! Ni kile kihisi kinachopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Nilichomeka kifaa changu cha kusomea namba, ufunguo umewashwa, injini imezimwa: kilopaskali 79. Kitabu kinasema 100. Kihisi kimekufa. Nilicheka peke yangu hadi kuku wakakimbia.

Nikatoa kingine kwenye gari la jirani lililolala. 79. Viwili vife kwa ugonjwa mmoja? Kaka ananishauri nipakie mbuzi kwenye pikipiki. Nina hasira na ninaogopa.

Jumatano, 6 Mei

Nimempigia Furaha simu, nikatoboa yote. Anafundisha fizikia kule Walikale, na ana ulimi. Pole hakunipa. Aliuliza:

"Maharagi kule kwenu inaivaka kwa saa ngapi?"

Nikasema tangu asubuhi hadi watu wakate tamaa. Kwao chini huiva upesi, nimekula mwenyewe. Akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena.

"Juu ya mulima hewa iko kidogo, fundi, maji inachemka bila kupata moto ya kutosha. Kitabu yako iliandikwa kando ya bahari. Capteur yako inasema kweli."

Mimi mjinga! Maisha yangu yote nimesubiri sufuria ya mlimani na sikujua nasubiri nini. Mjinga, lakini mwenye Furaha.

Basi kihisi, hiyo capteur yake, ni kizima. Nikakisikiliza upya, kwa adabu. Kaka alikanyaga mafuta hadi mwisho kilimani: 95, haisogei. Ingepaswa kupita 150. Turbo inasukuma, hewa haifiki, maana yake inatoroka njiani. Nilipaka maji ya sabuni kwenye mpira mnene unaopeleka hewa. Kaka akavumisha injini. Mapovu! Ufa upande wa chini, mrefu kama kidole. Nimeubusu. Mdomo una ladha ya sabuni hadi sasa.

Alhamisi, 7 Mei

Kipande cha mpira wa lori, vibano viwili. Kilimani: 170. Nikapiga kelele, mbuzi wakapiga kelele, mama mkwe wa jirani akatoka kuuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa, Mama. Tunaondoka.

Jumamosi, 9 Mei

Tumefika jana. Tope, vizuizi vinne vya askari, tukaachiwa. Leo wajomba wamewakagua mbuzi meno, nami karibu wanikague. Wamekubali. Ni watu wazuri kumbe.

Kelele zimepungua sasa. Nimekaa ndani ya pikapu, ufunguo umewashwa, injini imezimwa. 92. Hapa chini hewa ni nzito, naisikia hata kifuani. Furaha amechungulia dirishani, ameuliza natafuta ubovu gani tena.

Nimemwambia hakuna. Akafungua mlango, akakaa.