Radio ya Baba Kwenye Sahani

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu toka Kasongo. Babu yako amepona homa, na mupunga tumeshavuna.

Unauliza utawaambiaje watoto waache simu wakati wa kula. Nilipokuwa mutoto, tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani moja, kimya, kwa sababu Baba alishika radio sikioni kwa mukono wa kushoto. Siku moja nikaondoa mukono wangu kwenye sahani.

“Baba, sili mpaka uizime.”

Mama aliogopa. Baba alinitazama sana, akaizima. “Haya, leo mumefanya nini?” Tukasema wote pamoja.

Anza na simu yako, Zaina. Niliiona ulipokuja. Ukija nayo tena kwenye sahani yangu, nitaondoa mukono, hata nikiwa na njaa.

Bibi yako