Ile Pikipiki ya Kijani Niliiona

Baba Nekesa mpendwa,

Nakuandikia kupitia gazeti kwa sababu sijui tena uko wapi. Barua yako ya kwanza ilitoka Tororo, ya pili Jinja, kisha kimya. Nimekuandikia mara tatu, na mara zote tatu barua imerudi na mhuri wa posta juu ya jina lako. Watu wanaoshuka treni kutoka Uganda wananiambia huko mafundi husomeana gazeti hili wakati wa chakula. Basi na wasikie wote. Uongo wangu niliusema mbele ya watu, na ukweli wake sitaunong'ona.

Samahani, nimeanza vibaya. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nafagia chumba nilichokwisha kukifagia. Ngoja nirudi nyuma.

Unakumbuka siku uliyoileta pikipiki? Ulikuwa umeinunua kwa mzungu mmoja wa Dundori aliyekuwa anarudi kwao, na landhi yetu nzima, zile nyumba za wafanyakazi, ilitoka kuiangalia. Ulikuwa umevaa lile koti la jeshi ulilorudi nalo Burma, na vumbi jeupe la ziwa la Nakuru lilikuwa limekujaa kwenye nyusi ukaonekana mzee. Mimi nilikataa kupanda kile kigari cha pembeni. Nikasema kinafanana na jeneza. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mama Nekesa," ukasema, "maiti hakai wima." Jumapili ileile tulikwenda Subukia kumwona dada yako, Nekesa nimempakata, na kwenye ule mteremko nilipiga kelele njia nzima. Tulipofika chini nikakuuliza kama tunaweza kupanda juu tuteremke tena.

Nasema haya ili ujue kwamba niliipenda ile pikipiki. Si chuki iliyonifanya niseme nilichosema.

Kisha kikaja kibao. Kilisimikwa kwenye barabara kuu: pikipiki zote zisisimame mbele ya maduka wala sokoni, zipelekwe kwenye kiwanja nyuma ya mazizi ya mnada. Walisema sababu ni kelele, na mafuta yanayodondoka. Malori nayo yalidondosha mafuta, lakini kibao hakikuyataja. Kiwanja chenyewe hakikuwa na mlinzi wala kivuli. Na duka la mashine ulilofanyia kazi lilikuwa katikati kabisa ya barabara kuu, kwa hiyo ulianza kubeba pampu za wenye mashamba begani, kutoka mnadani, ukavuka reli, ukakatiza sokoni, mpaka dukani. Bega lako la kulia likawa na alama kama ya ng'ombe wa kulimia. Punde wakakuibia plagi ya injini. Halafu Mwalimu Kiprono wa shule ya misheni, aliyekuwa akija mjini kila Jumamosi kuchukua vitabu, akakuta gurudumu la mbele la pikipiki yake halipo.

Mliiandika ile barua ya malalamiko kwa wakubwa wa mji chumbani kwetu, wewe na Mwalimu na yule dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyekuwa na pikipiki ya kukohoa. Wakati huo wa Emajensi, ile hali ya hatari, watu wachache wakikaa pamoja waliitwa mkutano, kwa hiyo mliifungua injini mlangoni mkajifanya mnatengeneza. Kila viatu vilipopita nje ulipaza sauti, "Nipe spana!" Mwalimu, ambaye hakujua spana ni ipi, alikupa kijiko changu cha uji. Nilicheka nikaegemea ukuta. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja: sheria ni ya wote.

"Kama ni ya wote, tutaiona ikifanya kazi kwa wote," ukasema, ukaikunja ile karatasi ukaitia mfukoni mwa koti.

Siku yenyewe unaijua, lakini hujui niliyoyaona mimi. Nilikuwa na mimba ya Wekesa. Miguu ilikuwa imevimba hata nilivaa viatu vyako. Ulikataa nitembee kutoka mnadani, ukasimamisha pikipiki mbele ya duka la vitambaa, ukanishika mkono kunitoa kwenye kigari. Askari yule mrefu akaja na kitabu chake cha kuandika makosa.

"Fundi, kibao hukukiona?"

"Nimekiona. Mke wangu nawe unamwona." Kisha ukanyoosha kidole kuelekea mbele ya hoteli, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. "Na zile mbili je?"

Askari hakugeuza hata shingo. "Zile mimi sizioni, Fundi. Na wewe usinifanye nizione."

Zilikuwa pikipiki mbili za vijana wa kizungu, moja nyeusi, moja ya kijani. Wewe ulizitazama mara moja ukaanza kubishana na kitabu cha askari. Mimi niliendelea kuitazama ile ya kijani. Niliijua. Ilikuwa ya mtoto wa memsabu wangu wa Milimani, yule kijana aliyerudi kutoka masomoni. Asubuhi ile nilikuwa nimempigia pasi shati alilokuwa amevaa alipoiwasha uani.

Hilo sikukuambia. Njia nzima kurudi nyumbani ulikuwa unapanga maneno ya kortini. "Wewe ndiye shahidi wangu," ukaniambia. "Sema tu ulichokiona. Hakimu akisikia zilikuwa mbili na zikaachwa, atauliza kwa nini." Ulikuwa na furaha, Baba Nekesa. Watu huogopa korti, wewe ulikuwa unaingoja kama mtu anayengoja harusi.

Siku mbili kabla ya kesi, memsabu aliingia chumba cha pasi. Hakuwahi kuingia humo. Akasimama karibu na kikapu cha nguo.

"Rebeka, mimi nasikia wewe nakwenda kortini."

Nikaendelea kupiga pasi.

"Mimi hapana tisha wewe. Lakini mtu ya kesi hapana weza kaa nyumba hii. Na bwana ya duka ya mume yako, yeye rafiki ya sisi."

Akatoka. Pasi ilikuwa mkononi, na nilinusa kitu kinaungua kabla sijajua ni mimi ninayeunguza.

Ningekuambia jioni ile. Ulikuwa umekaa na Nekesa unamfundisha kuhesabu kwa misumari. Nilifungua mdomo nikakuuliza kama unataka chai.

Kortini nilishika Biblia. Karani akanigeuzia swali la hakimu kwa Kiswahili: "Siku hiyo, uliona pikipiki nyingine mahali hapo?" Chumba kilikuwa na joto. Mtoto alinipiga teke tumboni. Ulikuwa umenitazama kwa uso ule wa mtu anayejua jibu tayari.

"Sikumbuki," nikasema.

Karani akaniuliza mara ya pili, pole pole, kana kwamba ananipa nafasi. Nikasema tena, "Sikumbuki, Bwana Hakimu."

Ulipatikana na kosa. Nje, Mwalimu hakuweza kunitazama. Wewe ulinishika kiwiko ukasema, "Mimba huchosha kichwa. Usijali." Laiti ungenipigia kelele. Laiti ungeniita mwongo pale pale mbele ya mlango wa korti. Neno lile la huruma limekaa ndani yangu kama mwiba uliovunjikia nyamani.

Na sikuokoa kitu ila kazi yangu ya pasi. Bwana wa duka alikufukuza vivyo hivyo, akisema hataki fundi wa kesi, na chumba cha landhi kikaenda na kazi. Ulitutafutia chumba kingine karibu na reli, ukatia vyombo vyako vya kazi kwenye kigari, pale nilipokuwa nikikaa mimi, ukashika njia ya Uganda. Ulisema utatuita mambo yakitulia. Wekesa alizaliwa majuma matatu baadaye. Ana meno mawili sasa.

Nimesimama tena. Nimerudi.

Sasa nikueleze yaliyotokea, ndiyo sababu ya barua hii. Mwalimu Kiprono naye aliandikwa na askari. Alisimama mbele ya duka la vitabu, mvua inanyesha, ili vitabu vya watoto visilowe. Niliposikia, nilikuwa Milimani napiga pasi, na kwenye meza palikuwa na shati lilelile. Nililikunja vizuri. Nikavua aproni. Nikatembea mpaka misheni bila kuaga mtu, nikamkuta Mwalimu anafuta ubao.

"Niite shahidi," nikamwambia.

"Shahidi wa nini, Mama Nekesa? Siku hiyo hukuwapo."

"Pikipiki ya kijani husimama mbele ya hoteli kila Jumamosi. Mimi ndiye ninayempigia mwenyewe nguo pasi kabla hajatoka, na mimi hupita pale nikienda sokoni. Hata siku ya Baba Nekesa ilikuwapo. Niliiona."

Aliweka kitambaa chini. Akasema, "Unajua watakavyokuuliza."

Nilijua. Hakimu alikuwa yuleyule, karani yuleyule. Nilisema yote: rangi, siku, jina la nyumba. Hakimu akapekua karatasi zake, akamwambia karani kitu, na karani akanigeukia. Sauti yake ilikuwa chini.

"Katika kesi ya mume wako ulisema hukumbuki."

"Nilikumbuka, Bwana Hakimu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kupoteza kazi. Nikapoteza mume."

Watu wakaguna kwenye mabenchi. Hakimu aliniambia kwamba kudanganya baada ya kiapo ni jela. Nikasema nimeelewa. Akaandika kwa muda. Kisha akamwita askari yule mrefu na kumwuliza kama ameshawahi kuiandika pikipiki ya kijani. Askari alitazama kofia yake. "Hapana, Bwana Hakimu. Naandika wale ninaotumwa kuandika."

Mwalimu aliachiliwa bila kulipa chochote. Hakimu alisema kanuni isiyoona magurudumu yote haiwezi kumwadhibu mtu mmoja. Mimi nilipewa onyo kali nikaambiwa niende nyumbani. Kibao hakijang'olewa, usifikiri tumeshinda vita. Lakini Jumamosi iliyofuata Mwalimu alisimamisha pikipiki yake mbele ya hoteli, kando kabisa ya ile ya kijani, na dresa akaja na yake ya kukohoa akaipanga ya tatu. Askari alipita mara mbili. Kitabu kilibaki mfukoni.

Milimani sirudi. Sasa nafulia familia za watu wa reli, na mikono yangu imechubuka, lakini nakula.

Baba Nekesa, sikuombi useme mimba ilinichosha kichwa. Kichwa changu kilikuwa kizima. Nilikuona umesimama pale umeniamini, nikachagua nyumba ya watu wengine kuliko wewe. Kama una hasira, nitumie hiyo hasira. Iandike kwenye karatasi, itie stempu. Kimya chako siwezi kukilisha wala kukilaza.

Kuna jambo moja zaidi. Mwalimu ameniambia kesi yako inaweza kufunguliwa upya kwa sababu ya niliyoyasema, na jina lako kusafishwa. Ombi limekwisha kuandikwa, kwa Kiingereza kizuri. Lakini haliwezi kupelekwa na mimi wala Mwalimu. Lazima mwenyewe uje utie sahihi mbele ya karani, hapa Nakuru. Ukija kwa ajili ya sahihi tu, ukaiacha pikipiki nje ya mlango wangu na kuniambia hutaingia ndani, nitakuletea kiti nje. Wino nimeshanunua.

Niliyekuwa shahidi wako,
Mama Nekesa