Kuku ya Mama Masika

Butembo, siku ya yenga (Jumapili), magaribi

Kasirani yangu bado haijaisha.

Jana, kwa ile enquête yangu, uchunguzi juu ya rushwa, nilizungumuza na Mama Masika, muchuuzi wa kuku. Alinielezea vile chef wa barrière, kile kizuizi cha ku njia ya Mbau, alimunyanganya kuku moja mweupe, yenye kidole ya muguu ilikatika. «Karatasi zangu zote zilikuwa sawa,» alisema. «Aliangalia karatasi, kisha akaangalia kuku.»

Leo ku kanisa, kisha ibada kuisha, tukauzisha kwa mnada sadaka za vitu kama kila yenga: ndizi, maharagi, mbuzi. Shemasi akainua kuku mweupe. Akasema ni sadaka ya ndugu yetu chef wa barrière, mutu mwenye roho ya kutoa. Batu bakapiga makofi sana. Chef alikuwa anaikala ku banc ya mbele, anachekelea.

Nikaangalia miguu ya kuku. Kidole moja hapana.

Nyuma yangu mukono ukainuka. Ni Mama Masika mwenyewe, na hakuna mutu aliongeza bei. Chef akageuka, akamwambia: «Mungu akubariki, mama.»

Akajibu: «Amina.»

Inje nikamuuliza juu ya nini hakusema kitu. Alikuwa anafunika kuku na kitenge chake.

«Kesho nitapita wapi?»

Questionnaire yangu, ile karatasi ya maulizo, inauliza nani alikamata kitu cha mutu. Nimeandika: chef. Haiulizi ni banani balipiga makofi.