Maji Niliyoyamwaga Juu ya Kazi Yako

Mpendwa mwanangu Zakaria,

Leo ni siku ya tisa tangu nione kilichomo chini ya sakafu ya sebule yetu, na bado nikipita pale ninakwenda kwa hatua fupi, kama mtu aliyeingia katika nyumba isiyo yake. Simu yako haipatikani. Dada yako mmoja anasema uko Kahama, mwingine anasema Geita. Nilikusema vibaya mbele ya watu. Kwa hiyo ninakuandikia mbele ya watu. Atakayeisoma barua hii naye anakufahamu, akufikishie.

Unakumbuka ilivyoanza. Kakonko ilikuwa imekuwa wilaya, nami nilikwenda huko kumtembelea mwalimu mstaafu mwenzangu, nikaikuta sebule yake inang'aa marumaru kutoka mlangoni hadi dirishani. Niliporudi Kibondo nilizitazama mbao zetu za mninga, walizozipigilia wamisionari waliojenga nyumba hii mtelemkoni juu ya nguzo za mawe, nikaona haya. Wewe ulikuwa umemaliza chuo cha ufundi. Nilikuita nikakwambia kwamba ninataka marumaru.

Ulipiga magoti, ukabonyeza mbao moja baada ya nyingine kwa viganja. "Baba, mbao hucheza," ulisema, "na marumaru haitaki kuchezeshwa. Tuzitoe, tumwage zege." Nilikataa. Uliinuka, ukajipangusa magoti. "Basi nitaziweka juu ya mbao, ila kwa sharti."

"Sharti la nani, katika nyumba yangu?"

Mama yako alicheka huko jikoni hadi akakohoa. "Yewe Zaka! Leo umempa mwalimu masharti!"

Sharti lenyewe lilikuwa moja: tusimwage maji. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi. Niliitikia kwa kichwa ili mazungumzo yaishe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nami nililifanya nikiwa nimekunja mikono.

Miaka yangu yote ya kufundisha, sakafu ilisafishwa kwa namna moja: ndoo, fagio gumu, maji yasukumwe hadi nje. Udongo wetu mwekundu huingia na kila kiatu, na sijawahi kuamini kwamba kitambaa chenye unyevu kinaweza kuushinda. Kila Jumamosi, ulipokuwa umekwenda kwenye kazi zako Murungu, nilikunja suruali nikamwaga ndoo nne kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yako aliniambia, "Mtoto alikataza." Nilimjibu kwamba mtoto ameweka sakafu, lakini usafi ni wangu. Ulipokuwa ukirudi jioni, palikuwa pamekwisha kukauka.

Masika ya pili yalipofika, marumaru za karibu na mlango zilianza kutoa sauti ya debe tupu. Nyingine ziliinuka pembe. Ulizigonga kwa mpini wa nyundo, ukainamisha sikio, ukanitazama. "Baba, kuna maji humu." Nikasema ni mvua. Ulizing'oa sita, ukazikwangua gundi ya zamani, ukazianika, ukazirudisha. Jumamosi iliyofuata nilimwaga maji.

Kisha ikaja siku ambayo sitaki kuieleza, lakini nitaieleza kwa sababu waliokuwapo wanaijua. Mzee Gwimo alikuja kutoka Kasulu na ndugu zake wawili kupaona mahali ambapo binti yake Anastazia, mchumba wako, angeolewa. Ni mtu mnene na mcheshi. Alipoketi, mguu wa kiti ukatumbukia, marumaru ikafyatuka, soda ikamwagikia suruali yake. Alishika meza kwa mikono miwili, akaangua kicheko. "Mwalimu, mbona sakafu yako inataka kunimeza kabla sijala?"

Watu wote wakacheka. Mimi sikuzoea kuchekwa. Nilisimama nikasema, "Msinicheke mimi. Mcheke fundi, ndiye huyo hapo. Kama hawezi kushikiza kigae kisitikisike, sijui nyumba ataishikaje."

Hakuna aliyecheka tena. Ulikuwa umebeba sahani. Uliziweka mezani moja moja, zikiwa zimenyooka, ukasema neno moja tu: "Baba, maji." Nikakwambia usinitafutie visingizio.

Baada ya wiki mbili watu wa Kasulu wakaleta ujumbe kwamba posa wanaisimamisha. Maneno yangu yalitembea haraka kuliko nilivyodhani. Hata waliokuwa wamekupa kazi hapa mjini waliwaita mafundi wengine. Uliondoka alfajiri na begi lako la vifaa. Mama yako alikusindikiza hadi stendi. Mimi nilikuwa macho, nikakaa kitandani.

Sasa nikueleze ya siku tisa zilizopita.

Tangu kambi ya wakimbizi ya Nduta ifunguliwe tena, mafundi wengi wamekuja huku kutafuta kazi. Mmoja wao ni Ramadhani wa Kasulu, mtu mzima, msikivu. Nilimwita atengeneze sebule, nikamweleza tangu mlangoni kwamba aliyeweka marumaru hizi hakujua kazi. Aligonga kila kigae kwa mpini wa nyundo, akitia alama ya chaki kwenye vilivyolegea. Nilipotazama zile alama, niliona zinafuata njia moja: kutoka katikati ya sebule hadi mlangoni, kisha kando ya ukuta. Ndiyo njia ninayosukumia maji.

Aliving'oa kwa mkono tu, kama unavyobandua kigaga. Chini yake mbao zilikuwa nyeusi, laini, zikinuka kama majani yaliyooza. Aliingiza bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Kisha tukalisogeza kabati la vyombo, ambalo halijawahi kusogezwa wala kumwagiwa maji. Alichukua tindo na nyundo, akapiga kigae kimoja. Hakikutoka. Akapiga tena, kikavunjika vipande, na kila kipande kikabaki kimeng'ang'ania. Alipovimaliza kwa tabu, tukaona mbao za plaiwudi ulizozilaza juu ya mninga, kavu kama siku ulipozileta, na skrubu zimepangwa kwa umbali wa kiganja, kila mstari, hata pale ambapo hakuna jicho ambalo lingefika.

"Fundi," nilimwuliza, "ni kazi mbaya?"

Aliingia uvunguni mwa nyumba akitambaa, akakaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kwenye kofia. "Mwalimu, huyu mtu alilala chali kule chini akaongeza boriti tano. Amezifunga kwa bolti. Mimi nisingefanya hivyo, nisikudanganye, ningekuwa mvivu. Aliyeweka hii alijua kazi. Aliyemwaga maji ndiye simjui."

Niliketi palepale juu ya vifusi. Nilikumbuka jioni uliyokuja mezani ukiwa na udongo kwenye nywele, nami nikakuuliza kama siku hizi unalala na kuku. Ulitabasamu ukaenda kunawa. Hukusema kwamba ulikuwa chini ya miguu yangu, unaitegemeza sakafu niliyokukataza kuing'oa.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanisuta. Alisema tu, "Mwambie fundi ni nani." Nikamwambia Ramadhani kwamba aliyemwaga maji ni mimi. Yule mtu aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya vifaa ambavyo havikuhitaji kukusanywa.

Siku ya tatu nilipanda basi kwenda Kasulu. Nilimkuta Mzee Gwimo nyumbani kwake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Anastazia ameolewa mjini Kigoma na ana mtoto. Hilo nililitarajia. Sikutarajia alilosema baba yake.

"Lakini mwalimu, mimi siku ile nilikuwa natania. Sakafu ni kitu gani? Hata kwangu kuku wanalala sebuleni. Ni wewe uliyenitisha. Nilijiuliza, ikiwa baba mzazi anamkataa, mimi ni nani nimpokee?"

Zakaria, kwa miaka miwili niliamini kwamba sakafu ndiyo iliyokuvunjia posa.

Jumapili, baada ya misa, niliomba nafasi wakati wa matangazo. Nilisema kwamba kazi ya mwanangu ilikuwa sahihi, kwamba niliiharibu mwenyewe, na kwamba nilikosa. Nyuma kabisa mzee mmoja alimwuliza jirani yake, "Kasema nani amekosa?" Nikarudia kwa sauti ya darasani, wakasikia hadi nje.

Ramadhani amekata mbao zilizooza, akaweka mninga mpya na plaiwudi, akaacha zikauke kabla ya kurudisha marumaru. Nilipomwuliza atafuata utaratibu gani, alinijibu, "Wa mwenzangu. Sijaona cha kuongeza." Ndoo nimeitoa sebuleni. Ninapangusa kwa kitambaa, nikiwa nimepiga magoti, na ninakiri kwamba panatakata.

Jana alikuja mama mmoja kutoka Murungu. Alikuwa kanisani Jumapili. Anajenga, na nyumba yake iko mtelemkoni kama yetu. "Mwalimu, nataka fundi," alisema. "Ramadhani?" nilimwuliza. Akatikisa kichwa. "Namtaka yule mwanao. Nitampataje?"

Nilikuwa na sifa zako zote tayari, nimezipanga vizuri, na sikuwa na mahali pa kumwelekeza. Amesema atasubiri hadi mvua ziishe, na mchanga amekwisha kuumwaga uwanjani.

Sikuagizi urudi, nimekuagiza vya kutosha. Ninakuomba unitumie neno, hata kwa mkono wa mtu mwingine, nijue u mzima. Na huko uliko, akitokea mtu akakuuliza ulijifunza wapi kazi yako, usinitaje; sistahili sifa hiyo.

Ubaki salama, mwanangu.

Mimi niliyekukosea,
Baba yako.