Jina la Tisa

Jumatatu, 4 Machi 1907
Mvua tangu alfajiri. Karatasi zimelowa, nimezianika juu ya moshi, sasa zinanuka samaki. Barua imefika kutoka boma la Mahenge. Akida Saleh amethibitishwa tena. Akida kwa mara ya pili, yeye aliyekimbia vita na kiatu kimoja! Nami karani wake nilikimbia siku hiyohiyo, sina la kumcheka.

Anatakiwa kupeleka majina tisa ya majumbe wake wapya kabla ya Ijumaa. Mstari wa mwisho niliusoma kimya mara mbili kabla ya kumsomea: jumbe yeyote wa zamani asiyekuwamo kwenye orodha aletwe mbele ya afisa, afungwe kamba. Kati ya wale tisa wa kabla ya vita wamebaki hai wawili. Mmoja ni swahiba wa Akida, atarudi tu orodhani. Wa pili ni Lyanga wa Kivukoni. Baba mkwe wangu.

Sijamwambia mke wangu Siwema. Ana mimba ya miezi saba.

Jumanne, 5 Machi
Baraza limejaa watu na mbuzi. Kila mtu amegundua leo kwamba siku zote alimpenda Akida. Wabena wanataka viti viwili. Wapogoro wanasema vitatu, la sivyo wasitazamiwe kwenye mashamba ya pamba ya serikali. Akida anakata hapa, anapachika pale. Akaniambia bila haya: "Mara ya kwanza nilichagua wenyeji, wakanigeuka. Safari hii nachagua wanaonihitaji."

Jina la tisa, la Kivukoni, amempa shemeji yake Mfaume. Mfaume! Hajui hata kushika kasia. Kazi yake kufoka na kula. Nilijikaza nikasema Lyanga anaujua mto. Akida akajibu kwamba Lyanga ndiye aliyewagawia watu maji ya vita, yale ya kuzuia risasi, na mto utamzoea Mfaume.

Namchukia. Nimeandika, basi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda Kivukoni. Mto umefika kwenye mizizi ya mikuyu. Mitumbwi yote kumi na minne bado imefungwa mnyororo mmoja tangu vita viishe, askari ameukalia. Haifunguliwi bila ombi la jumbe na cheti cha ofisi. Zamani kila masika watu wa hapa walihamia ng'ambo, penye mwinuko, jumbe akitangulia. Mwaka huu hawana jumbe. Wamekaa wanatazama maji yanavyokuja.

Nilimkuta Lyanga anachonga gogo dogo, refu kama mkono. Nikadhani ni la kulishia kuku. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu kama Siwema anakula vizuri.

Nilirudi na aibu yangu. Wakati wa vita mtu huyu alinificha siku kumi na moja ndani ya ghala la mpunga, mimi karani wa serikali, na watu wake wenyewe wananitafuta na mikuki.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya. Naandika ili niamini mwenyewe.

Orodha zetu huwa mbili. Moja kwa herufi za Kiarabu, anaisoma Akida na kuifungia sandukuni. Nyingine kwa herufi za Kizungu, inakwenda boma. Hizo za Kizungu Akida hazijui kabisa, anagonga muhuri tu. Kwenye ile yake nimeandika Mfaume. Kwenye ile ya boma nimeandika Lyanga.

Akashika muhuri. Akasita. Mwalimu mmoja wa misheni alikuwa barazani amejikinga mvua, Akida akamwita asome kwa sauti. Mwalimu akasoma manane, akafika la mwisho, akaninyanyulia macho.

"Mfaume, Kivukoni," akasema.

Mtu wa dini, hata hakupepesa macho. Muhuri ukagongwa. Mwalimu akashika njia yake bila kuniaga. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba vitani naye aliuvuka mto huu akiwa hai, na mvushaji alikuwa mmoja tu, Lyanga.

Jumatatu, 11 Machi
Usingizi hauji. Chakula hakipiti. Mfaume ameshashona kanzu ya ujumbe, anapita nayo kwenye matope. Siwema akaniuliza nina nini, nikamfokea. Mjinga mimi. Nikamwambia yote. Hakulia. Aliuliza nikikamatwa mimi na baba yake pamoja, yeye atazalia kwa nani.

Jumamosi, 16 Machi
Afisa Mdachi amefika na askari wanane. Majina akayasoma mwenyewe, kila jumbe anapokea kofia nyekundu. Lyanga alisimamishwa pembeni, karibu na askari mwenye kamba. La saba. La nane. Mfaume akainua mguu.

"Lyanga. Kivukoni."

Akida akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba amegonga muhuri kwenye barua asiyoweza kuisoma, mbele ya Mdachi na mbele ya watu wote wa bonde? Akaufunga. Lyanga akapokea kofia kwa mikono miwili. Mfaume alibaki amesimama na kanzu yake.

Jioni Akida aliniita. Nilitarajia kofi. Alicheka, na hilo ni baya zaidi. Afisa ameagiza Lyanga alete watu sitini wa kulima pamba ndani ya siku kumi. Asipowaleta, Akida akasema, kamba ipo bado, na safari hii itafunga wawili. Ameshaagiza karani mwingine kutoka pwani.

Jumatatu, 18 Machi
Lyanga amekuja ofisini, kofia kichwani. Akaomba mitumbwi, watu wahame mafuriko kama desturi. Akida akaanza kukataa. Afisa, anakunywa chai yake, akasema wapewe, maiti hailimi pamba. Nikaandika cheti. Baba mkwe akakipokea, akakikunja mara nne, akaaga kwa heshima zote. Mimi hakunitazama.

Imeniuma. Nilidhani nastahili hata jicho moja.

Jumanne, 26 Machi
Siku kumi zimetimia jana. Akida amenituma nikaone walipo watu wake sitini. Siwema alisema atanisindikiza, na tumbo lile. Nimeshindwa kumkataza.

Kivukoni hakuna mtu ila askari wa mnyororo. Majivu yamepoa. Hakuna kuku, hakuna kinu. Ng'ambo hakuna moshi hata kwenye mwinuko. Kofia nyekundu imening'inizwa kwenye nguzo ya mnyororo, inadondosha maji.

Siwema ndiye aliyeuona mtumbwi, ndani ya matete, upande wetu. Makasia mawili. Kikapu cha mpunga. Na lile gogo alilokuwa anachonga, limelainishwa ndani kabisa. Ni la kuogeshea mtoto. Siwema akalipakata, akakaa chini matopeni.

Nimeandika taarifa ya Akida hapahapa, gotini, kwa herufi anazozisoma mwenyewe. Askari wa mnyororo ataipeleka. Kivukoni wamehama kwa mafuriko. Jumbe yuko nao. Mitumbwi yote kumi na minne iko ng'ambo.

Siwema ameshaingia mtumbwini, kasia la pili linanisubiri. Wino ukikauka, na huu wa kumi na nne ukivuka, itakuwa kweli.