Kigingi Nilichokisogeza Hatua Kumi na Mbili

Dada Pasi mnyoosha mambo, mshauri wangu mpendwa, naomba msaada na naomba haraka, maana Jumatatu fundi wa kisima anaanza kuchimba.

Nina miaka ishirini na moja, kupima udongo nimejifunza mwenyewe kwenye simu, cheti sina hata cha kuazima, ila mkaguzi wa mazingira alipokuja kwenye shamba letu la ekari tatu alinichukua nimsaidie, kwa sababu baba mdogo, aliyetulea mimi na dada yangu, ameomba shamba litolewe kwenye kilimo liwe la makazi ili atugawie viwanja, na udongo usipopimwa kibali hakitoki. Mkaguzi akapiga vigingi vitano pa kuchimba, akashuka kukagua mfereji, na hapo hapo baba mdogo akanijia mbio.

"We profesa wa simu, hicho cha tatu kisogeze mpaka kwenye mapapai."

"Baba, mwenyewe kakipiga hapa."

"Yeye anajua udongo, mimi najua shamba. Sogeza, mama, kabla hajarudi!"

Nikasogeza, Dada Pasi! Hatua kumi na mbili, nilizihesabu, huku najua fika kwamba pale kilipokuwa ndipo lilipofukiwa josho la zamani, lile la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, majani mpaka leo yanaota kwa kusuasua, nikamwambia, akanijibu dawa ile ilikufa kabla sijazaliwa na nikifungua mdomo kibali kitakwama miaka. Mkaguzi akarudi, akachota, akanisifu eti nina mkono mwepesi, ana kazi nyingine atanipa. Kesho yake viwanja vikagawiwa, na cha pale pale kwenye josho akapewa dada, naye hata kibali hakusubiri, kashaita fundi wa kisima, na mwanawe ana miezi kumi, anatambaa, udongo anautafuna kama biskuti!

Nimerudi kwa siri nikachota udongo wa pale penyewe, uko kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda changu, nataka nimwachie mkaguzi mlangoni bila jina, baba mdogo asijue, dada asijue. Nifanye hivyo?

Profesa wa Simu

DADA PASI ANAJIBU

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni. Profesa, kwanza toa hilo kopo chini ya kitanda! Unaogopa udongo umguse mtoto wa dada, wewe unaulalia? Lifunge, liweke nje mbali na watu, nawa kwa sabuni, kisha rudi usome.

Umerudi? Pole, mdogo wangu. Kumkatalia mtu aliyekulea ni kazi nzito, najua. Lakini miguu iliyotembea zile hatua ni yako, na kopo halikuokoi: udongo wa kuokota, kwenye kopo la maziwa, wa mtu asiye na jina, nani ataupima? Unataka kusema bila kusema. Haipo hiyo.

Huenda dawa imekwisha kweli. Huenda haijaisha. Baba mdogo hajui, wewe hujui, mimi sijui, ndiyo maana panapimwa!

Sasa mpigie dada yako, leo, fundi asimame, mtoto asishushwe chini pale, na umwambie kwa nini. Halafu mwambie baba mdogo usoni kwamba unakwenda kwa mkaguzi. Akitaka mfuatane, akikataa nenda peke yako. Ukifika anza na "nilisogeza kigingi", usianze na "niliambiwa". Mkaguzi arudi achimbe pale pale alipopachagua. Kazi aliyokuahidi inaweza kuota mbawa, sikufichi. Kibali kitachelewa, wacha kichelewe.

Na wewe unayesoma umekunja nne, tuseme ndiye dada mtu. Ndoo ya kwanza ya kisima umeshamnywesha mwanao, ndipo unasikia mdogo wako alijua siku zote. Ungefanyaje?