Manukato Wakati wa Eda

Jabe,
Bujumbura.
18 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Nura,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mzee Khalfan mkiwa wazima, na goti lako limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi za nyumbani kwenu Maskati. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala, alhamdulillahi. Presha ya mama mkwe imeshuka kidogo. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Barua anakuletea Houda, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kwa dada yake. Simu nimeichoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Asante kwa maneno uliyonitumia Azzan alipofariki. Niliyasoma yote. Sikulia, Shangazi, na mpaka leo sijamlilia mume wangu. Watu wanasema nina subira, nami nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba sihisi kitu. Nakaa ndani na nguo zangu nyeupe, nachambua mchele, siku inakwenda.

Mzigo wako wa udi na mafuta ulifika salama. Uko chini ya kitanda. Unajua mwenyewe kazi yangu ya kuuza manukato mtandaoni ilivyo: watu hawawezi kunusa kupitia simu, kwa hiyo wanaiamini pua yangu. Asubuhi najipaka mafuta mkononi mbele ya simu, jioni narudi kuwaambia kama bado yananukia. Yasiyofika jioni nasema hayakufika. Hata yale yako ya chupa ya kijani niliyasema hadharani, ukaninunia weee mpaka Idi. Lakini tangu hapo wanawake waliacha kuniuliza maswali mengi, wakawa wanaagiza tu.

Sasa mjane aliye edani hajipaki manukato, hata tone. Mimi nikanyamaza bila kuwaeleza wateja. Niliona kila mtu anajua.

Simu ya kazi nilimwachia shemeji yangu Talal, ambaye ndiye anayepeleka mizigo kwa baiskeli siku hizi za shida ya esansi, petroli ya huku. Wateja wakawa wanaulizia mzigo mpya. Akatafuta video yangu ya zamani, akaiweka kwenye ukurasa wetu na kwenye kundi la watsapu, akaandika kwamba mzigo umeingia. Hakuandika video ni ya lini. Hebu fikiria, Shangazi: mimi na michoro ya piko mpaka viwikoni, bangili, wanja, najipaka mafuta huku nacheka. Mjane wa juzi!

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Walianza kutoka kundini mmoja mmoja. Mama mmoja wa Buyenzi, aliyekuwa akituletea uji tangu msibani, aliandika, "Kaltum, hata udongo haujakauka." Nikasoma, nikaweka simu chini, nikaendelea na mchele wangu. Nilijua jina nililolijenga linabomoka, na bila jina hilo mimi, Talal na mama yake hatuna cha kula. Nilijua, lakini kama mtu anayesikia habari za nyumba ya pili.

Talal alisimama mlangoni kichwa chini. "Mi nilizani ni muzuri, shemeji," akasema. "Batu balikuwa banauliza kila siku." Nikamwambia yamepita. Naye kafiwa na kaka yake, nimfanye nini?

Nilipoifungua ile video ili niifute, nikasikia sauti ya Azzan. Ndiye aliyekuwa ameshika simu. Anasema, "Geuka kidogo, jua linakupiga," halafu anacheka, na ndicho kilichonichekesha mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimeifuta kwa watu, kwangu nimeibakiza.

Kisha nikawarekodia wateja sauti. Nikawaambia video ni ya zamani, na aliyenichekesha humo ndiye niliyemzika. Kwamba niko edani, sijipaki kitu. Kwamba mzigo mpya sijaunusa, na mzigo nisiounusa siwauzii. Sikuongeza neno.

Kesho yake akaja Consolate, mteja wangu wa Kinanira, yule Mkristo anayefanya kazi wizarani. Alipita moja kwa moja na nguo zake za ofisini, akavua saa, akaninyooshea mkono. "Mi sina eda," akasema. "Talal anipake mimi. Magaribi nitabaambia." Talal akauvuta mzigo, akampaka. Jioni kweli akajirekodi akiwa kwake. Mafuta ya kwanza aliyanusa, akakunja uso: "Hii apana. Inanuka sabuni ya kufulia." Pole, Shangazi, ni yale yale yako ya chupa ya kijani. Ya pili akasema yamedumu mpaka kwenye mazoezi ya kwaya, na aliyekaa naye alimuuliza kayapata wapi.

Basi wakacheka kundini, wakaagiza, na wengi waliotoka wakaomba kurudishwa. Uji wa Buyenzi haujarudi. Simlaumu yule mama.

Consolate ameniambia, "Mi nakushikia tu nafasi. Batu banangoja pua yako." Hapo ndipo palipo na jambo nisilomwambia mtu ila wewe. Tangu mazishi, sisikii harufu yoyote. Maziwa yaliungua nimekaa kando ya jiko, mpaka mama mkwe akapiga kelele. Wateja wanangoja eda yangu iishe, na pua wanayoingoja haipo. Kuwadanganya siwezi, na kuwaambia bado sijaweza. Kwa hiyo usilete mzigo mwingine mpaka nikuandikie.

Kofia ya Azzan iko chini ya mto wangu, haijafuliwa. Kila asubuhi najifunika nayo usoni. Ilikuwa na udi wako na jasho lake. Sasa ni kitambaa tu. Siku nitakayosikia kitu ndani yake, siku hiyo nitawaambia wateja nimerudi.

Mama mkwe na Talal wanakusalimu sana. Mpe salamu zangu Mzee Khalfan na wote wa hapo nyumbani. Mwenyezi Mungu awahifadhi na awape kila la kheri. Nami niombee niisikie harufu hiyo, Shangazi, hata kama ndiyo itakayoniliza.

Mwanao akupendaye,
Kaltum